Saa ya Wifi

Kama kuna mtu anayeichukia mikunjo hapa duniani, basi ni Mama Nyoosha. Shuka likiwa na mkunjo mdogo kama ukucha, analirudisha. Ukimletea habari yenye kona kona, anakukatiza: "Nyoosha maneno, mwanangu, sina siku nzima." Hata mumewe akitoka chumbani na kola iliyopinda, humsalimia huku anainyoosha. Jina lenyewe alipewa na wenzake kazini, akalipenda kuliko lile lililoandikwa kwenye kitambulisho chake. Sasa mtu wa namna hiyo akae wiki tatu na jambo lililopinda, tena alilolipinda mwenyewe kwa mikono yake miwili! Alikonda, jamani. Sketi yake ya kazini ilibidi aitie pini.

Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia, kinachofua mashuka ya hospitali tatu na hoteli mbili. Mbele kuna mashine za kufulia, katikati vikaushio, na nyuma kabisa iko mashine ya pasi, ndefu kama chumba kizima, yenye magogo ya chuma yanayopashwa moto kwa mvuke. Shuka linaingia upande mmoja likiwa na unyevu, linatoka upande wa pili kavu, limenyooka, na la moto kiasi cha kumfanya mgeni apige kelele. Pale linapotokea husimama watu wawili. Kila mmoja anadaka pembe zake mbili, wanalikung'uta mara moja, pa!, wanapiga hatua mbili kuelekeana, mikono inakutana, mmoja anapokea pembe zote nne huku mwenzake akiinama kuokota mkunjo wa chini. Hatua moja zaidi, kwisha. Na kabla hujavuta pumzi, shuka jingine limeshatoa kichwa. Mashine haisubiri mtu. Ukilidondosha likagusa sakafu, linarudi kufuliwa upya, na watu wa mashine za mbele wote watajua ni nani aliyedondosha.

Upande wa kushoto alisimama Mama Nyoosha. Upande wa kulia alisimama wifi yake, dada wa mumewe, ambaye kiwanda kizima kilimwita Chuma, kwa sababu mwaka wa kwanza aliinua peke yake toroli lililojaa nguo mbichi na kulitoa juu ya mguu wa mtu. Miaka kumi na minane walisimama hivyo. Hawakuhesabu, hawakuambiana "haya" wala "vuta". Mikono ilijua. Siku moja Mama Nyoosha alipofiwa na kwenda mazishini, Chuma alipewa mtu mwingine wa kukunja naye, na kabla ya saa nne wakawa wamegongana vichwa mara mbili.

Na mdomo nao haukukaa kimya, maana wifi ni wifi.

"Wewe kaka yangu alikuokota wapi?" Chuma angesema, shuka likiwa hewani.

"Alinikuta nimekaa zangu nimetulia, akanipigia magoti. Hukuwepo, ulikuwa bado unanyonya."

"Ukinifia hapa, ataoa kesho yake."

"Na aoe! Huyo mke mpya atakuja kukunja na wewe, tuone nani ataomba maji."

Mume mwenyewe, fundi wa redio aliyefanyia kazi barazani kwake, alizoea kuwaambia wote wawili: "Nyie mkifa, mtazikwa mmekunjwa pamoja."

Sasa, mwezi wa pili wa mwaka huo, Mama Nyoosha alipanda ngazi za zahanati akitafuta dawa ya kichwa, akashuka na presha. Daktari alimpima mara tatu kana kwamba hamuamini mtu au hakiamini kipimo. Akampa vidonge, akamwambia arudi kila mwezi, na apumzike. Apumzike! Vidonge akavificha nyumbani ndani ya kopo la vifungo, na cha mchana akakifunga kwenye pindo la kitambaa cha kichwani. Mumewe hakuambiwa. Mama yao, yaani mama wa mume na wa Chuma, alianguka jikoni kwa presha hiyo hiyo na hakuinuka tena. Mume angesikia neno presha, angemkalisha nyumbani siku hiyo hiyo. Na kumwambia Chuma ni sawa na kumwambia kaka yake.

Lakini woga wake mkubwa ulikuwa kazi. Hapo kuna kisa chake. Miaka miwili nyuma, wakubwa waliokuwepo wakati ule walileta daktari kiwandani, wakasema ni kwa usalama wa wafanyakazi. Watu wakapanga foleni, wakavua mashati, wakakohoa walipoambiwa kohoa. Mzee wa Boila, aliyelisha moto boila inayotoa mvuke wa mashine tangu kiwanda kifunguliwe, akakutwa na kasoro ya mapafu. Wiki iliyofuata aliitwa ofisini, akashukuriwa sana, akaambiwa akapumzike, na akapewa zawadi: saa kubwa ya ukutani. Saa ya ukutani, hebu fikiria, ili aone vizuri siku inavyokwenda akiwa amekaa bure! Mama Nyoosha alimtembelea mara moja. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti anaitazama saa. Walizungumza kidogo tu. Alirudi nyumbani anajua jambo moja: kwenye kiwanda kile, anayekupima ndiye anayekutoa.

Ndiyo maana, wakubwa wapya walipoitisha mkutano karibu na vikaushio na kutoa maboksi ya saa za mkononi, aliificha mikono yake kwapani.

Aliyezileta ni dada mmoja mdogo kwa umri, aliyeajiriwa kusimamia afya za wafanyakazi. Walimwita Binti wa Afya. Alieleza taratibu, bila kujivuna. Saa itapima mapigo ya moyo, joto la mwili, na itakisia presha. Joto likizidi, itatetemeka mkononi, na aliyeivaa ataacha kazi dakika kumi, akae kwenye benchi chini ya feni, anywe maji, na mtu asimuulize. Habari za moyo zitafika kwenye kompyuta yake yeye tu. Meneja ataona hesabu za jumla bila jina la mtu.

"Saa hizi hazijaja kuwachunga," alisema. "Zimekuja kuwatunza."

"Hata mbuzi huambiwa anatunzwa," akajibu fundi wa vikaushio kutoka nyuma, na watu wakaangua kicheko.

Binti wa Afya akacheka nao. "Nawaahidi, hakuna atakayefukuzwa kwa sababu ya saa."

Ahadi ya mdomo. Mama Nyoosha alitazama huku na huku kama kuna karatasi yoyote. Haikuwepo. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na huyu alishtuka mpaka kidonge kikamtekenya kichwani. Kabla ya jioni kiwanda kizima kilikuwa kimeshazipa zile saa jina la Mmbea.

Saa zilitundikwa kwenye ubao mlangoni, kila moja na namba yake. Unaichukua asubuhi, unairudisha ukitoka. Ya Mama Nyoosha ilikuwa kumi na nne, ya Chuma kumi na tano. Kwa sura zilifanana kama mapacha. Ukizipindua tu ndipo unapoona namba.

Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi akaja na mpango. Nao ulikuwa hivi. Akivaa saa ya Chuma, presha yake itaonekana kwenye jina la Chuma. Chuma ni mzima wa afya. Wakimpeleka kwa daktari watamkuta hana kitu, watasema saa ni mbovu, na maisha yataendelea. Hakuna atakayeumia. Aliupima mpango huo kwa kila upande, na kila upande aliuona umenyooka. Ila moyoni alijua kwamba anamtwika mwenzake mzigo bila kumuuliza, na hilo alilisukuma chini kama mtu anavyofunga sanduku lililojaa, kwa kulikalia.

"Wifi," alisema mbele ya ubao.

"Naam, wifi."

"Hebu tubadilishane saa. Ya kwangu mkanda unanibana."

Ni uongo wa kitoto. Mikanda yote ilikuwa na matundu, unafunga unapotaka. Na Chuma ni mtu ambaye kitunguu kimoja kikipotea jikoni atakuuliza maswali tisa. Lakini siku hiyo hakuuliza hata moja.

"Haya, lete," akasema, akanyoosha mkono.

Mimi ningeshtuka. Wewe pia ungeshtuka. Lakini mtu aliyeponea chupuchupu hageuki nyuma kuuliza mlango umefunguliwa na nani. Mama Nyoosha alifunga saa ya wifi yake, akashusha pumzi, akaenda kukunja mashuka.

Na huko mbele yakatokea mambo ambayo hakuyatarajia. Mmbea akawa na maneno ya maana. Wiki ya kwanza tu, saa za watu wa vikaushio zilitetemeka mfululizo, na badala ya kuwalaumu watu, wakubwa walikuja na mafundi, wakatoboa ukuta wa kona ile, wakafunga feni mbili kubwa. Kona ambayo watu wamekuwa wakiilalamikia miaka minane! Walipolalamika kwa midomo waliambiwa wazoee. Saa ilipolalamika, ukuta ulitobolewa. Fundi wa vikaushio, yule wa mbuzi, ambaye kila alasiri alikuwa akifunga kichwa kwa kitambaa chenye maji, akaacha kukifunga. Likaja pipa la maji ya baridi. Benchi likajaa watu wanaokaa dakika zao kumi bila kuangalia nyuma, na wengine, tuseme ukweli, walitikisa mkono makusudi ili saa itetemeke. Haikutetemeka. Mmbea hakuhongeka.

Mama Nyoosha akayaona yote hayo, na sanduku alilolikalia likaanza kufunguka. Huenda yule binti ni mkweli. Huenda angemwambia tu. Lakini sasa atamwambiaje, na saa ya mwenzake iko mkononi? Kila asubuhi alisema kesho. Kila jioni alitia pini sketi.

Wiki ya tatu, Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, Chuma aliachia shuka.

Lilikuwa hewani, wamekwisha kulikung'uta, wanakaribiana. Mikono ya Mama Nyoosha ikafika mahali pake, na mikono ya wifi yake haikuwepo. Upande wa kulia wa shuka ukaporomoka hadi sakafuni. Chuma alikuwa amesimama, macho yanatazama mahali pasipo na kitu, mkono mmoja umeshika kona ya mashine. Kisha akapepesa macho.

"Jasho la mikono," akasema.

Miaka kumi na minane hakuwahi kuachia. Wiki ile ile alishachelewa kidogo mara mbili, kiasi cha kupepesa kope, ambacho mwingine yeyote asingekiona. Mama Nyoosha alikiona, na akafanya nini? Akafanya utani.

"Chuma kimeanza kuota kutu!" akapaza sauti, na watu wa mashine za mbele wote wakacheka. Chuma naye akacheka, ila alichelewa.

Kesho yake Binti wa Afya alimwita Mama Nyoosha ofisini.

Kile chumba kilikuwa stoo ya sabuni zamani, na harufu ya sabuni bado imo. Kuna viti viwili, kompyuta, mizani ya kupimia uzito, na dirisha dogo. Binti alifunga mlango polepole, na kule kufunga polepole ndiko kulikomtia Mama Nyoosha wasiwasi.

"Mama, keti."

"Nimekaa, mwanangu. Nyoosha maneno."

Binti aligeuza kompyuta. Palikuwa na mstari, unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, vijilima vidogo vilivyofuatana vizuri. Kisha vijilima vikaisha. Mstari ukalala kabisa, mrefu, kabla ya kilima kingine kuja.

"Huu ni moyo wako," alisema. "Na hapa umesimama. Sekunde nne na nusu. Nilidhani saa ina kasoro, nikarudi nyuma kuangalia. Imetokea mara tatu ndani ya siku sita. Mama, hili si la kusubiri. Gari liko nje, unakwenda hospitali sasa hivi."

Mama Nyoosha akautazama ule mstari uliolala. "Lini?" akauliza.

"Ya mwisho ni jana. Saa nne na dakika kumi."

Basi mikono yake ikakumbuka kabla ya kichwa. Ikakumbuka kufika mahali pake na kukuta patupu. Shuka likiporomoka. Wifi yake amesimama na macho yaliyoondoka. Jasho la mikono! Na yeye akamtania mbele ya watu, na mtu yule akajitahidi kucheka huku moyo wake ndio kwanza umerudi kazini.

Sasa akaelewa kwa nini kitunguu huulizwa maswali tisa na saa haikuulizwa hata moja.

"Na wifi yako naye nitamwita," Binti wa Afya aliendelea kwa upole, akidhani ni mshtuko tu. "Presha yake iko juu. Lakini ya kwake inaweza kusubiri mpaka mchana."

Inaweza kusubiri! Sikiliza hapo. Maradhi aliyoyaficha miezi mitano kwenye kopo la vifungo, yaliyomkondesha, kumbe ndiyo yanayoweza kusubiri. Na angenyamaza tu, gari lingempeleka yeye, daktari angempima, angeshangaa kutoona mstari uliolala, na labda wangesema saa ni mbovu, kama alivyopanga. Mpango wake ungetimia sawasawa. Na Chuma angebaki kule nyuma anakunja.

Aliiona saa ya ukutani ya Mzee wa Boila. Aliiona kweli, na yule mzee kwenye kiti. Kisha akasema:

"Mwanangu, huo moyo si wangu."

"Mama, naelewa. Wengi mwanzoni hukataa kidogo, ni kawaida..."

"Sikatai! Nakueleza! Ala!" Alifungua mkanda, akaipindua saa, akaibamiza mezani. "Soma namba. Kumi na tano. Mimi ni kumi na nne. Presha ndiyo yangu. Huo moyo ni wa wifi yangu, na hivi ninavyoongea na wewe yuko kwenye mashine!"

Kabla binti hajainuka, Mama Nyoosha ameshatoka. Alikimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mwenye presha na pini kwenye sketi, alikatiza katikati ya matoroli, akapita vikaushio, watu wakidhani kuna moto. Chuma alikuwa anakunja na fundi wa vikaushio, aliyekopwa kwa muda, na alikuwa anamgombeza kwa jinsi anavyoshika pembe.

"Achia shuka!" Mama Nyoosha akapiga kelele.

"Nini?"

"Achia, nakwambia! Kaa chini!"

Pale kwenye mashine hakuna aliyewahi kuambiwa aachie shuka. Chuma aliachia kwa mshangao tu. Likaanguka. La pili likaja, likaanguka juu yake. La tatu lilipotoa kichwa, fundi akavuta kishikio cha kuzimia, na mashine ikanyamaza. Watu waliofanya kazi pale miaka mingi hawakuwa wamewahi kusikia ukimya wake saa za kazi.

Chuma alitazama mkono wa wifi yake. Hauna saa. Akaelewa.

"Umesema," alisema kwa sauti ndogo.

"Nimesema."

"Wewe mwanamke huna siri! Ulikuwa wa kunisemea wewe? Nimekuomba? Nimekaa na jambo langu, nimenyamaza nalo, nimeanguka bafuni mara mbili na nimeinuka mwenyewe, hakuna mtu nimemsumbua..."

"Mara mbili?"

"...na nilijua fika, wakimpima wifi watamkuta mzima, watasema saa ni mbovu, yataisha!"

Hapo Mama Nyoosha alikaa chini, juu ya yale mashuka yaliyoanguka, pwaa, kama mtoto. Kwa sababu maneno yale yalikuwa yake. Neno kwa neno. Ule mpango alioupima usiku kucha akidhani ni wake peke yake, kumbe kwenye nyumba ya pili kuna mwingine aliyekuwa akiupima.

"Mimi si mzima, wifi," akasema. "Nina presha. Tangu mwezi wa pili."

"Presha ya mama?"

"Hiyo hiyo."

Chuma akateremka naye akakaa kwenye mashuka. "Kwa hiyo mimi nimekuachia moyo wangu," alisema taratibu, "na wewe umeniachia presha yako. Na kila mmoja anamwona mwenzake ndiye mzima."

Fundi wa vikaushio, ambaye hawezi kunyamaza hata mazikoni, akasema, "Mungu huwaunganisha wajinga," na wote wawili wakaanza kucheka, na kicheko kikageuka njiani, kama kinavyogeuka. Mama Nyoosha alilia kwa sauti. Alikuwa anaogopa, na hakuficha tena kwamba anaogopa. Binti wa Afya alipofika na dereva, aliwakuta wameshikana mikono, na Chuma akaenda garini kwa miguu yake mwenyewe, akikataa kushikwa.

Hospitali walimwekea Chuma kifaa kidogo chini ya ngozi, karibu na bega, cha kuugutua moyo kila unaposinzia. Daktari alisema wamemwahi kwa wakati, na hakutaka kuulizwa zaidi. Kaka yake Chuma alikaa kitandani pembeni, akamtazama dada, akamtazama mke, akavuta pumzi.

"Mficha maradhi..." alianza.

"Tunajua!" walimkatiza wote wawili.

Ikabaki hesabu ya kazini. Meneja alimwita Mama Nyoosha, na hakuwa na furaha. Kubadilishana saa ni kosa, kila mtu aliambiwa. Takwimu za wiki tatu zimeharibika. Mtu nusura afe. Barua ya kuachishwa ilikuwa mezani, imeandikwa, haijatiwa sahihi. Binti wa Afya alikuwepo, amesimama karibu na dirisha.

"Kosa ni letu," Mama Nyoosha alisema. "Silipindi. Lakini nikuulize, bwana meneja. Unajua kwa nini watu wawili wazima waliogopa saa kuliko kifo?"

Meneja hakujua. Alikuwa mgeni. Basi akasimuliwa habari za Mzee wa Boila, foleni, kukohoa, shukrani, na saa ya ukutani. Mama Nyoosha aliisimulia bila kupandisha sauti. Alipomaliza, akaongeza: "Huyu binti alituahidi, na nadhani ni mkweli. Lakini ahadi za mdomo hata sisi tunazo. Iandike. Utie sahihi. Ukinifukuza baada ya hapo, sawa, lakini wenzangu wabaki na karatasi."

"Lilikuwa jukumu langu kuiomba karatasi hiyo tangu siku ya kwanza," alisema Binti wa Afya. "Na barua hiyo ukiitia sahihi, kesho saa zote zitakuwa mikononi mwa watu wasio wenyewe."

Meneja aliichukua ile barua, akaisoma tena. Mwishowe barua ilichanwa, zikaandikwa mbili za onyo, moja ya kila wifi. Na baada ya siku nne karatasi ikabandikwa juu ya ubao wa saa, na sahihi yake chini: hakuna atakayeachishwa kazi kwa kilichoonekana na saa, na atakayeshindwa kazi moja atapewa nyingine. Mama Nyoosha aliisoma mara tatu. Ilikuwa imebandikwa upande. Akaibandua akainyoosha.

Chuma alirudi baada ya wiki saba, amepungua, na akapelekwa chumba cha cherehani kushona mashuka yaliyochanika, amekaa kwenye kiti. Alinung'unika kama kawaida yake. Wifi yake alipewa mwenza mpya, mwanamke mwenye bidii, aliyejitahidi sana na kukosea sana. Vidonge sasa vilikaa mezani, karibu na chumvi, na mume alivihesabu kama mlinzi.

Siku ya kwanza ya kurudi, kabla ya mapumziko ya mchana, Chuma alikuja mpaka kwenye mashine ya pasi, akamgusa bega yule mwenza mpya.

"Nipishe, dada. Moja tu. La salamu."

"Umeruhusiwa?" Mama Nyoosha akauliza kwa ukali.

"Nimeuliza. Moja."

Shuka likatoa kichwa. Wakadaka. Wakalikung'uta, pa!, wakapiga hatua mbili, na mikono ikakutana pale pale ilipokuwa ikikutana miaka kumi na minane. Chuma akatoa pembe zake. Mama Nyoosha hakuzipokea. Alishika kifundo cha mkono wa wifi yake, juu kidogo ya saa namba kumi na tano, akabonyeza kwa vidole viwili, akatulia.

"Wifi, la pili linakuja," Chuma alisema.

"Nyamaza. Nahesabu."

La pili likaja, likaning'inia kidogo, likaanguka sakafuni na kujikunja lote. Mama Nyoosha aliliona. Akaliacha, akaendelea kuhesabu.